Kadi Aliyoikosea Nibedita

Kwa miaka thelathini na mmoja Nibedita Bhaduri aliandika kadi za maktaba kwa mkono wake mwenyewe, na katika muda wote huo hakupata kufuta hata herufi moja. Hakuwa mtu wa kujitangaza; jambo hilo alilijua tu, kimya kimya, kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi. Chuo kilikuwa katika mji ulioegemea mto Jalangi, jengo la matofali mekundu yaliyoota kuvu, na maktaba ilikaa ghorofa ya chini, upande ambao jua la majira ya baridi huingia saa nne asubuhi na kuaga saa nane. Kati ya saa hizo jua lilitambaa meza moja baada ya nyingine bila haraka yoyote, na wanafunzi wengi, likiwafikia, walisinzia. Nibedita hakuwaamsha. Aliamini kwamba kusinzia juu ya kitabu nako ni namna ya kukisoma.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Hakuolewa, aliishi kwa kaka yake, nyuma ya kituo cha garimoshi, katika nyumba ambayo asubuhi ilinukia mafuta ya haradali na sukari guru ya mtende. Kazini alivaa sari za pamba zilizotiwa wanga hadi zikawa na mlio, na kuanzia Novemba alijitanda shali ya kahawia iliyokuwa ya mama yake. Wenzake wa chuoni walimwita Nibedita-di. Nyumbani aliitwa jina jingine, na hilo chuoni hakulijua mtu.

Kwani kule kila mtu ana majina mawili. Lipo jina jema, la vyeti na kadi za harusi. Na lipo jina la kuitia, ambalo bibi au shangazi humpa mtoto akiwa bado mwekundu, na ambalo halidaiwi adabu wala maana. Hakimu anayeogopwa na wilaya nzima huweza kuzeeka nyumbani kwao akiitwa Mung'unye. Tena jina haliendi peke yake. Mdogo humtilia mkubwa wake mkia: "da" kwa kaka, "di" au "didi" kwa dada; na bwana wa heshima hutiliwa "babu". Lugha yenyewe, kama hii tunayosimulia kwayo, haibagui katika "yeye": mwanamume ni yeye, mwanamke ni yeye. Jinsia yote imehamia kwenye mkia wa jina, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Kosa la Nibedita lilitokea siku ya mvua, mwezi Julai, wakati wa kuandikisha wanafunzi wapya. Foleni ilifika hadi barazani, miavuli ilichuruzika sakafuni, na mvua ilipiga bati la veranda kiasi kwamba kila aliyesema alilazimika kusema tena. Kwa kila mmoja aliuliza, "Jina jema?" Kisha, kwa mmoja tu, labda kwa uchovu, labda kwa kelele za mvua, neno la pili alilisahau.

"Jina?" aliuliza.

Mwanafunzi aliyesimama mbele yake, mwembamba, mwenye kope ndefu zilizoshika matone, aliinua macho kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia.

"Jhinuk."

"Jhinuk nani?"

"Jhinuk Majhi."

Akaandika. Jhinuk ni kombe la pwani, na ni pia kile kichombo kidogo chenye mdomo ambacho mama hutumia kumnywesha mtoto maziwa. Alasiri, alipolinganisha kadi na orodha ya ofisi, Jhinuk Majhi hakuwemo. Alikuwemo Arghya Majhi, mwanamume, idara ya historia. Kanuni ilikuwa wazi: kadi isiyolingana na orodha huchanwa. Nibedita aliishika mkononi. Herufi ya kwanza, ile yenye nundu na mkia ambayo huwashinda waandishi wengi, ilikuwa imemtoka vizuri kuliko siku zote. Ukweli usemwe: hakuiacha kwa huruma. Aliiacha kwa majivuno ya mkono wake. "Nitairekebisha kesho," alijisemea, akaitia sandukuni pamoja na nyingine, na kesho hiyo ikawa mwaka mmoja na nusu.

Katika muda huo alimwona Jhinuk akijitokeza kidogo kidogo, kama picha inavyojitokeza katika maji ya kusafishia picha. Kwanza wanja mwembamba. Kisha bangili moja, ikifichwa chini ya mkono wa shati, halafu bila kufichwa. Nywele zikafika mabegani. Mwaka wa pili akaja amevaa kurta, kanzu ndefu ya wasichana, na kitambaa kikielea nyuma yake, na maktaba nzima ikageuza shingo, kisha, kwa kuwa jua lilikuwa limefika mezani, ikarudi kusinzia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuja kuuliza habari zake ndio waliotaabika.

"Didi, kitabu hiki kiko kwa Jhinuk… Jhinuk…" Wakaumeza mkia, wakaondoka.

Hapo tena plasta ya dari ya darasa namba tisa ikaanguka. Idara ya historia ikahamishiwa kipindi cha saa tano asubuhi katika ukumbi wa kusomea, ndani ya himaya ya Nibedita, na himaya hiyo ilikuwa na sheria moja: anayeingia huandika jina, tarehe na saa katika daftari la mlangoni, awe mwanafunzi, awe mwalimu, awe waziri. Mwalimu wa somo alikuwa Tirthankar Sarkhel, bwana mwenye kofia ya sufu ya kufunika masikio tangu baridi haijaanza, ambaye aliita wanafunzi wake kwa majina, mmoja mmoja, wakati walimu wengine waliita namba.

"Namba ni za wafungwa na mabehewa," alikuwa akisema.

Basi kila siku, kutoka mezani kwake, Nibedita aliisikia orodha ikisomwa. "Anirban Ghatak." "Nipo, sir." "Arghya Majhi."

Kisha kimya.

Hakikuwa kimya kirefu. Kilikuwa na urefu wa jani linalodondoka kutoka tawi la chini. Lakini Nibedita alianza kukingoja, na kilipofika alikiona karibu kwa macho: kilipita juu ya vichwa vya wanafunzi, kikatua kwenye benchi la pili karibu na dirisha, pale alipoketi Jhinuk, kalamu mkononi, akimtazama mwalimu usoni. Sarkhel alitia alama na kuendelea. Nibedita naye alichovya kalamu yake na kuendelea. Haripada-da, tarishi aliyeleta chai ya vikombe vya udongo, ndiye pekee aliyethubutu kutamka.

"Nibedita-di, huyu mtoto ni mzimu au? Kwako anaandikwa kila siku, kwa Sarkhel-babu haonekani."

"Chai yako imejaa moshi, Haripada-da."

"Moshi ndio utamu wenyewe. Nijibu basi."

Alisukuma kikombe pembeni, akachovya kalamu.

Mwisho wa Januari orodha ya mahudhurio ilibandikwa ubaoni. Aliyepungukiwa hakuruhusiwa kujaza fomu ya mtihani, na asiyefanya mtihani ule alipoteza mwaka. Somo la Sarkhel: vipindi sabini na vinne. Arghya Majhi: sifuri.

Siku mbili baadaye Jhinuk alikuja na vitabu vitatu, akavipanga mezani kingo kwa kingo.

"Didi, narudisha hivi. Naomba uniandikie hati kwamba sidaiwi kitabu. Naondoka."

"Unaondoka wapi?"

"Chuoni."

Nibedita alivifungua vitabu, kimoja kimoja, kama kawaida yake, kutazama kama kuna ukurasa uliokunjwa. Hapakuwa na uliokunjwa.

"Keti, mama," alisema.

Neno lilimtoka kama linavyowatoka wazee wote wa kule mbele ya binti yeyote, wa kwao au wa jirani. Hakulipanga. Jhinuk aliinua kichwa, akamtazama kwa muda, kisha akaketi taratibu, kama aliyeogopa kiti kisije kikaondolewa.

"Mkuu wa chuo hakukusaidia?"

"Mkuu ni mwema, Didi. Kaniambia niandike barua kwamba niliumwa, niisaini kwa jina la ofisini, mambo yaishe. Kanipa hata uhuru wa kuchagua ugonjwa."

"Ukachagua?"

"Nilifikiria tetekuwanga. Lakini nikaona watanitafuta makovu." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Sikuumwa. Nilikuwepo. Nilikaa pale."

"Najua. Kila siku nilikusikia ukinyamaza."

Jhinuk aliangalia mikono yake.

"Na kwa nini usiitike tu?" Nibedita aliuliza, si kwa ukali. "Neno moja. Yeye angetia alama, ungeenda zako."

"Mwaka wa kwanza niliitika. Mwaka mzima. Nikifika nyumbani nilikuwa sina sauti kabisa, Didi, si utani. Bibi yangu alidhani ni koo, akanichemshia tangawizi hadi mvua zikaisha. Ndiye aliyeniita Jhinuk, kwa sababu nilikataa ziwa, nikakubali kile kichombo tu. Hajawahi kuniita kingine. Karatasi za kubadili jina nimepeleka wilayani tangu Septemba, zinalala huko. Siku ile ya mvua uliponiuliza jina bila kusema jina jema, nilifikiri…" Akakinyoosha kitabu cha juu. "Nilifikiri umeona."

Nibedita hakusema kwamba hakuona kitu. Alivuta kadi kutoka sandukuni, akaitazama, akairudisha.

"Hati ya kuondoka sikuandikii leo," alisema. "Wino umekwisha." Kidau kilikuwa kimejaa mbele yao wote wawili.

Jioni ile, kwa kaka yake, aliketi uani akimenya njegere bila kuziona. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mtoni na kuufuta ukuta wa jirani, kisha mti wa jirani. Alikuwa akiihesabu hatari yake. Kuleta daftari ofisini ni kuleta na kadi, maana bila kadi jina lile la daftarini lisingekuwa la mtu. Kuleta kadi ni kusema kwamba mtu aliyewakaripia makarani watatu kwa kukosea herufi alivunja kanuni kubwa kuliko zote na kuificha, miaka mitatu kabla ya kustaafu. Na barua ya tetekuwanga je? Hiyo nayo ingefungwa jaladani, ikapigwa mhuri, na baada ya miaka hamsini mtu fulani angeisoma na kuamini. Jambo hilo lilimkera mahali ambapo huruma ilikuwa bado haijafika.

"Khoka!" wifi yake aliita kutoka jikoni. "Khoka, chai inapoa!"

Khoka maana yake ni mtoto wa kiume. Baba yake alingoja mvulana wa pili, akapata msichana wa tatu, akampa jina hilo nusu kwa mzaha, nusu kwa kinyongo. Baadaye akampenda, lakini jina lilikuwa limekwisha kushika. Kwa miaka hamsini na saba Nibedita aliitika Khoka akiwa na nywele za kufika kiunoni, na hakuna aliyewahi kumtaka alete karatasi ya wilaya.

"Naja," aliitikia.

Asubuhi alibeba madaftari mawili yaliyofungwa kwa kitambaa chekundu cha kufungia majalada, akaingia ofisini kwa mkuu bila kuitwa. Sukomal Lahiri, mkuu wa chuo, mtu mpole aliyeogopa karatasi kuliko watu, alikuwa na Sarkhel. Jhinuk, aliyeitwa aandike ile barua ya ugonjwa, alikuwa amesimama karibu na kabati, mbele yake ukurasa mweupe na kalamu.

"Nibedita-di? Kuna shida?"

"Ipo. Ni yangu." Alifungua kitambaa. "Kipindi cha saa tano, ukumbi wa kusomea, Agosti hadi Januari. Huyu ameingia mara sitini na tisa. Kila mara ameandika kwa mkono wake. Sarkhel-babu, sahihi yako iko mstari wa pili au wa tatu chini yake. Tazama mwenyewe."

Sarkhel alivaa miwani juu ya kofia yake ya sufu, akaivua, akaivaa vizuri. Alifungua kurasa kwa muda mrefu.

"Imeandikwa Jhinuk," alisema.

"Naam."

"Katika orodha yangu hakuna Jhinuk."

"Katika orodha yako hayumo. Chumbani alikuwemo. Ulimwona?"

"Nilimwona," alisema Sarkhel. Hakuwa mwongo. "Nilimwona kila siku. Lakini aliyeitwa hakuitika. Ningeandika nini?"

"Nibedita-di," Lahiri aliingilia kwa upole, "hili ni jina la kuitia. La nyumbani. Tukianza kupokea majina ya kuitia chuoni, kesho nitakuwa na orodha ya maharage na mabilingani."

"Wewe mwenyewe unaitwaje kwenu, sir?"

Lahiri alikohoa. Haripada-da, aliyekuwa ameingia na birika na kusahau kutoka, alitazama dari.

"Potol," mkuu alisema mwishowe. Ni mboga ndogo ya kijani, ya kukaanga.

"Na Sarkhel-babu?"

"Hilo halihusiani na mahudhurio!"

"Panzi," alisema Haripada-da. "Mtaani kwetu wote wanamwita Panzi. Alikuwa na miguu mirefu."

Jhinuk alijifunika mdomo kwa kitambaa. Sarkhel alimkazia macho tarishi, kisha, labda kwa mara ya kwanza tangu Agosti, alimtazama mwanafunzi yule pasipo orodha kati yao.

"Mimi naitwa Khoka," alisema Nibedita.

Hakuna aliyecheka. Alilisema kama anavyosoma namba ya kitabu, lakini masikio yalimwaka chini ya shali.

"Khoka ni mimi tangu nizaliwe. Usiku wa kufariki mama yangu, jina jema alilisahau, hilo hakulisahau. Sasa, hii hapa kadi. Niliiandika mwenyewe, kinyume cha kanuni, na sikuichana. Adhabu ni yangu, niandikieni. Ila barua ya ugonjwa isiingie katika majalada ya chuo hiki, kwa sababu ni uongo, na majalada yapo hapa kabla yetu."

Lahiri aliishika kadi. Aliigeuza. Kwa mbali garimoshi la saa nne lilivuka daraja la Jalangi, na vioo vya kabati vikalia.

"Mwandiko mzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuta muda. Kisha akamgeukia Sarkhel. "Daftari la mlangoni ni daftari la chuo. Siwezi kusema si la chuo. Wewe unasemaje?"

Sarkhel alilifunga daftari, akakiacha kidole ndani yake.

"Basi nimekosea mara sitini na tisa," alisema. "Nifute vipi?"

"Hatufuti," Nibedita alisema haraka. "Mstari mmoja tu, mwembamba, ili kilicho chini kisomeke. Pembeni andika kilicho sahihi, tia tarehe na sahihi yako."

"Didi," Jhinuk alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema chumbani mle. "Haliwezi kufunikwa kabisa? Lile jina?"

Nibedita alitaka kumweleza kazi ya kumbukumbu, miaka thelathini na mmoja ya kazi hiyo, akaona si mahali pake.

"Katika kitabu chake haliwezi, mama. Katika kadi yangu halijawahi kuwemo."

Fomu ya mtihani Jhinuk aliijaza kwa jina la ofisini, maana wilaya ilikuwa bado imelala. Aliandika huku Nibedita akishikilia karatasi isipeperuke. Kuhusu kanuni iliyovunjwa, Lahiri alimwandikia onyo la mistari minne. Nibedita aliisahihisha nukta moja, akaliweka jaladani mwake yeye mwenyewe.

Siku tano baadaye ikawa sherehe ya Saraswati, mlezi wa elimu, ambapo hakuna ruhusa ya kusoma wala kuandika. Vitabu vyote hulazwa miguuni pa mungu huyo wa kike, pamoja na kidau kilichotiwa maziwa badala ya wino na kalamu ya tete juu yake. Nibedita alipeleka daftari la mlangoni. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na kutoka ndani yake wasichana walikuja wawili wawili, watatu watatu, kwa sari za manjano, hata usingeweza kusema wapi linaishia shamba la haradali ng'ambo ya barabara na wapi linaanzia chuo. Mmoja wao alitembea kwa hatua ndogo, akiishika mikunjo ya sari mbele kama anayebeba maji. Alikuwa ameifunga mwenyewe, na ilikuwa imeegemea upande wa kushoto. Nibedita alimvuta nyuma ya nguzo, akachomoa pini kwenye shali yake, akaifunga upya bila kusema neno. Jhinuk alisimama amefumba macho.

Baada ya maua kutupwa na sala kuisha, zikaja kunazi, ambazo hakuna anayezionja kabla ya siku hiyo. Binti wa mwaka wa kwanza alipita na sinia, shavu moja limejaa, akitema mbegu kiganjani.

"Jhinuk-di, chukua, zimeiva hizi. Jhinuk-di, mbona umesimama tu? Zitaisha!"

Alikwisha kupita na sinia yake kabla hajajibiwa.

Jumatatu kipindi cha saa tano kilirejea ukumbini. Jua lilikuwa limefika meza ya tatu. Sarkhel alivua kofia yake ya sufu, jambo lililowashtua wengi, akafungua orodha.

"Anirban Ghatak."

"Nipo, sir."

Ukurasa ukanyooshwa kwa kiganja.

"Jhinuk Majhi."

Kikaja kile kimya, kilekile, cha urefu wa jani. Nibedita aliinua kichwa. Kwenye benchi la pili karibu na dirisha Jhinuk alikuwa akiangalia mbele, kalamu mkononi, kama siku zote; mwili wake ulikuwa umezoea kunyamaza mahali hapo. Jirani yake alimpiga kiwiko. Sarkhel hakutia alama. Alingoja, kidole kwenye mstari.

"Jhinuk Majhi," aliita tena.

"Nipo," ilisema sauti, kisha, kwa nguvu zaidi, huku baadhi ya waliosinzia wakiamka, "nipo, sir."

Mezani kwake Nibedita alichovya kalamu. Tone lilianguka juu ya kadi mpya aliyokuwa akiiandika, likatanda, likafunika jina lote la mtu. Aliitazama kwa muda, akaichana, akaanza nyingine.